Sapu ya Kalkulasi Huanzia Kwenye Mabano

Muulize mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepata sapu (mtihani wa marudio) ya hisabati ni nini kilichomwangusha. Atakwambia kalkulasi, hisabati ya mambo yanayobadilika. Sasa omba uione karatasi yake ya mtihani. Mara nyingi utakuta kanuni ya kalkulasi ameiandika sawasawa na hata mwanzo wa swali ameuweka vizuri. Mstari wa tatu kafungua mabano vibaya, mstari wa nne kakata herufi juu na chini mahali pasipokatwa, na kuanzia hapo ni kilio. Nafundisha twisheni hapa Tabora, vijana wa ualimu, wa biashara na wa maabara, na karatasi hizo nimezipitia nyingi. Kalkulasi yenyewe huchukua mstari mmoja au miwili ya jibu. Ukurasa uliobaki ni aljebra ya kidato cha pili.

Ndiyo maana nataka tuipite njia nzima, tangu aljebra mpaka intigresheni, tuone kila kozi inadai nini kutoka kwa iliyoitangulia. Sitagawa muda sawa kwa kila mada. Zipo mada ambazo kijana akielekezwa mara moja anakwenda mwenyewe, na zipo zile zinazomng'ang'ania mpaka anadisko, yaani anaondolewa chuo.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu majina. Ukiingia intaneti kutafuta masomo ya bure utakutana na mpangilio wa Kimarekani: aljebra ya chuo, kisha kozi ya maandalizi ya kalkulasi, kisha kalkulasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kijana wa Kasulu akiona "aljebra ya chuo" anadhani ni mnyama mpya. Sehemu kubwa ni hisabati ileile ya sekondari iliyoongezwa kina: milinganyo, vipeo, fanksheni, logarithimu. Kozi ya maandalizi inaangukia kati ya kidato cha nne na cha tano. Kalkulasi ya kwanza ndiyo ambayo aliyesoma michepuo yenye hisabati kamili, PCM, PGM au EGM, aliikuta kidato cha tano na sita, na aliyesoma PCB, sayansi bila hisabati kamili, aliionja kwenye BAM, hisabati yao nyepesi. Aliyesoma michepuo ya sanaa, HKL au HGL, hakukutana nayo kabisa, na aliyetoka kidato cha nne moja kwa moja kwenda diploma vilevile. Wote hao wanaweza kujikuta kwenye ukumbi mmoja, mwalimu akisema "hili mnalijua" na kufuta ubao. (Wenye shida ya bando: vitabu vya OpenStax vya Chuo Kikuu cha Rice, kuanzia aljebra hadi kalkulasi, hupakuliwa bure. Faili la kitabu unalipakua mara moja. Video itakula bando kila unapoirudia.)

Kuna kikwazo kingine ambacho wengi wetu tumekizoea mno hata hatukitaji. Shule ya msingi ya serikali mtoto anajifunza magazijuto, KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza somo linageuka Kiingereza, na ni kipindi hichohicho ambapo herufi zinaanza kukaa mahali pa namba kwa uzito. Mambo mawili magumu yanamwangukia kwa pamoja. Wengi hapo ndipo wanapoanza kukariri, na alichokariri kidato cha kwanza anakuja nacho mpaka chuo.

Ikivuka inabadilisha alama

Kinachokaririwa kuliko vyote ni hiki: "namba ikivuka inabadilisha alama." 3x + 5 = 20, basi 5 ikivuka inakuwa toa 5, 3x = 15, x = 5. Jibu ni sahihi, lakini hakuna kilichovuka. Umetoa 5 pande zote mbili, na kwa kuwa pande zilikuwa sawa, zimebaki sawa. Mwenye kuelewa hivyo hapotei swali likibadilika sura. Aliyekariri kuvuka hupotea palepale inapokuja x² = 3x: anakata x huku na huku, anabaki na x = 3, anapiga mstari chini ya jibu kwa furaha. Kuna jibu lingine, x = 0, na amelitupa, kwa sababu kugawa kwa x kunaruhusiwa tu pale ambapo x si sifuri.

Ndugu yake ni kosa la kukata. Mpe kijana (x + 6) juu ya (x + 2). Atakata x na x, abaki na 6 juu ya 2, aandike 3. Mwambie aweke x = 1: juu ni 7, chini ni 3, na 7 gawanya kwa 3 si 3. Jaribio hili la kuweka namba rahisi huchukua sekunde tano na linafichua nusu ya makosa ya aljebra. Sijui kwa nini halifundishwi tangu siku ya kwanza.

Mtu aliyeipa aljebra mwili wake, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliandika Baghdad mnamo mwaka 820 hivi, na hakutumia x wala alama ya kujumlisha. Aliandika kwa maneno na michoro. Mfano wake mashuhuri, kwa herufi za leo, ni x² + 10x = 39. Chora mraba wenye upande x. Gawa ile 10x katika mistatili miwili, kila mmoja upana 5 na urefu x, uibandike kwenye pande mbili za mraba. Sasa una umbo linalokaribia kuwa mraba mkubwa, limekosa kona moja tu, na kona hiyo ni 5 kwa 5, yaani 25. Ijaze. Eneo lilikuwa 39, sasa ni 64. Mraba wenye eneo 64 una upande 8, na upande huo ni x + 5, kwa hiyo x ni 3. Ile fomula ndefu yenye kipeuo cha pili cha b² − 4ac, inayoimbwa darasani kama kiapo, ni mchoro huuhuu ulioandikwa kwa herufi. (Kuna jibu lingine, −13. Al-Khwarizmi hakulishughulikia, upande wenye urefu hasi haukuwa na maana kwake.)

Sehemu ya mwisho ya kitabu chake, tena si fupi, ilihusu mirathi ya Kiislamu. Hilo mtu wa Ujiji hatalishangaa. Marehemu kaacha mjane, mama, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Mjane anachukua thumni (moja ya nane), mama sudusi (moja ya sita). KDS ya 8 na 6 ni 24, kwa hiyo mali inakatwa mafungu 24: mjane 3, mama 4, yamebaki 17. Fungu la binti liwe x, la kaka yake ni 2x, na 3x = 17. Shekhe anayepiga hesabu hiyo barazani amefanya sehemu, KDS na mlinganyo kwa mkao mmoja.

Jibu moja kwa kila swali

Baada ya aljebra inakuja fanksheni, na hapa mawazo yanageuka. Katika aljebra x ilikuwa namba moja iliyojificha, unaitafuta mpaka uipate. Katika fanksheni x inatembea, na tunataka kujua kitu kingine kinatembeaje pamoja nayo.

Chukua treni ya Tabora kwenda Kigoma, kilomita 400 na kidogo, kupitia Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza. Ukinitajia saa, ninaweza kukutajia treni ilikuwa kilomita ya ngapi kutoka Tabora. Kwa kila saa kuna kilomita moja tu, maana treni haiwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Hiyo ndiyo fanksheni: unachoingiza kinatoa jibu moja.

Sasa ligeuze swali. Nikutajie kilomita, uniambie saa. Kilomita ya katikati ya pori, sawa, ilipita mara moja. Je, kilomita ya stesheni ya Nguruka, ambako ilisimama abiria wakanunua chakula? Kilomita moja, dakika nyingi. Swali lililogeuzwa halina tena jibu moja, kwa hiyo fanksheni ya safari hii haina kinyume chake. Kijana akilishika hili, ule mtihani wa kupitisha mstari mlalo kwenye grafu, ambao vitabu huuleta kama amri, anaweza kuutunga mwenyewe: mstari mlalo ukigusa grafu zaidi ya mara moja, kinyume hakuna.

Kuhusu grafu zenyewe sitakaa sana. René Descartes alichapisha mwaka 1637 kazi iliyofunga ndoa kati ya mlinganyo na mchoro, na tangu hapo swali la aljebra unaweza kuliangalia kwa macho. Kitu kimoja cha kubeba kwenda mbele ni mteremko: umepanda kiasi gani, gawanya kwa umekwenda mbele kiasi gani. Katika grafu ya treni, mteremko ni mwendo wake. Kalkulasi nzima ya kwanza imesimama juu ya mgao huo mmoja.

Tabora inaongezeka maradufu lini?

Sensa ya mwaka 2012 ilikuta mkoa wa Tabora una watu milioni 2.29. Ile ya mwaka 2022 ikakuta milioni 3.39. Kigoma ilitoka milioni 2.13 ikafika 2.47. Mtu wa haraka atasema Tabora imeongeza milioni 1.1 kwa miaka 10, kwa hiyo kila miaka 10 itaongeza hiyohiyo. Lakini watu hawaongezeki kwa mafungu yanayolingana. Walio wengi huzaa wengi zaidi, na mkoa unaopokea wahamiaji huwapokea juu ya waliokwishakuwepo. Kinachoelekea kubaki karibu sawa ni asilimia, na asilimia inayorudiwa kila mwaka ni kuzidisha, si kujumlisha. Huo ndio ukuaji wa kipeo: muda umepanda juu, umekaa kwenye kipeo.

Ukitaka kujua muda, inabidi uushushe kutoka huko juu, na chombo cha kuushusha ni logarithimu. Logarithimu inajibu swali moja tu: nimezidisha mara ngapi? Kwa Tabora, gawanya 3.39 kwa 2.29 upate 1.48. Logarithimu asilia ya 1.48 ni 0.392, kwa miaka 10, hiyo ni asilimia 3.9 kwa mwaka. Logarithimu asilia ya 2 ni 0.693. Gawanya 0.693 kwa 0.0392, unapata miaka kama 17 na miezi kadhaa. Huo ndio muda wa Tabora kuongezeka maradufu kasi hiyo ikibaki vilevile, jambo ambalo halina dhamana. Kigoma, kwa asilimia 1.5, ingehitaji miaka 46 hivi. Mikoa miwili jirani, reli moja, na tofauti ya asilimia inayoonekana ndogo kwenye jedwali imezaa tofauti ya karibu kizazi kizima.

Wengi wetu tulikutana na logarithimu kama kitabu chembamba cha majedwali ya tarakimu nne, unachungulia mstari na safu, unajumlisha, unachungulia tena kinyume. Tulijua kukitumia bila kujua kilichokuwa kikiendelea. John Napier wa Uskoti alizitangaza logarithimu mwaka 1614 ili kuwapumzisha wanaastronomia na wakokotoaji: kuzidisha kukageuka kujumlisha, kugawanya kukageuka kutoa. Kikokotoo kimechukua kazi hiyo. Kazi ya kushusha kipeo haijapata mrithi.

Na hiyo logarithimu "asilia" inatoka wapi? Tuseme umekopa shilingi 1,000,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, riba asilimia 100 kwa mwaka. Akihesabu mara moja mwisho wa mwaka, unadaiwa 2,000,000. Akiwa mjanja akahesabu kila miezi sita kwa asilimia 50, deni ni 2,250,000. Kila mwezi: 2,613,035. Kila siku: 2,714,567. Mtu anaweza kuogopa kwamba akihesabu kila sekunde utadaiwa mpaka nyumba. Hapana. Deni linapanda lakini linagota. Halivuki shilingi 2,718,282. Mwanahisabati Jacob Bernoulli alilikuta jambo hili mwaka 1683, na namba hiyo, 2.71828 na kuendelea, ndiyo inayoitwa e, herufi aliyoipa mwanahisabati Leonhard Euler. Logarithimu asilia inauliza: nimeizidisha e mara ngapi? Zingatia alichokifanya Bernoulli: aligawa mwaka vipande vidogo zaidi na zaidi, akauliza hesabu inaelekea wapi. Tayari tumebisha hodi kwenye kalkulasi.

Kabla hatujaingia, trigonometria kidogo. Sekondari ilikuwa somo la pembetatu. Chuoni ni somo la mambo yanayojirudia. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa zao hazivuti kitu, kwa hiyo kazi hupumzika na kurudi kwa kufuata mwezi. Sehemu ya mwezi inayong'aa, siku t tangu mwezi ulipokuwa giza kabisa, inakaribiana sana na nusu ya (1 − kosini ya 2πt/29.5). Weka t = 0 upate sifuri, giza. Weka 14.75 upate 1, mwezi mpevu. Fomula moja imebeba kalenda ya ziwa zima.

Ile 2π ndani yake ni pembe ya duara zima kwa radiani, na hapa nina neno. Vijana wanaona radiani kama usumbufu uliozuliwa kwa ajili ya mtihani. Chukua kikokotoo, kiweke kwenye radiani, tafuta sini ya 0.01. Utapata 0.0099998, karibu 0.01 yenyewe. Kirudishe kwenye digrii ujaribu tena: 0.00017453. Kwenye radiani pembe ndogo na sini yake ni kama kitu kimoja, ndiyo maana kasi ya mabadiliko ya sini inatoka kosini, safi, bila mkia. Kwa digrii kila jibu lingeburuta π/180 mpaka mwisho wa swali. Na tafadhali, kagua kikokotoo kabla ya mtihani. Nimeona maswali mazima yakipotea kwa kitufe hicho.

Mwendo wa sasa hivi

Treni inaondoka stesheni ya Urambo. Tuseme katika sekunde zake za mwanzo umbali iliokwenda, kwa mita, ni t² gawanya kwa 10. Swali: sekunde ya 10 hasa, mwendo wake ni kiasi gani?

Mwendo ni umbali gawanya kwa muda, na "sekunde ya 10 hasa" haina muda wowote ndani yake. Hapo umbali ni sifuri na muda ni sifuri, na sifuri gawanya kwa sifuri haina jibu. Basi tunazunguka. Kutoka sekunde ya 10 hadi ya 11 treni ilikwenda mita 2.1, kwa hiyo mwendo wa wastani ni mita 2.1 kwa sekunde. Kutoka 10 hadi 10.1, wastani ni 2.01. Kutoka 10 hadi 10.01, wastani ni 2.001. Hakuna anayehitaji kuambiwa namba hizi zinaelekea wapi. Mbili hiyo ndiyo kikomo, na ndiyo mwendo wa treni sekunde ya 10.

Ili tusirudie hesabu kwa kila sekunde, tunaandika t badala ya 10 na h badala ya kile kipande kidogo cha muda. "Mwalimu, hii h imetoka wapi?" huniuliza vijana. Imetoka hapo: ilikuwa 1, ikawa 0.1, ikawa 0.01. Tunachukua (t + h)², tunatoa t², tunagawa kwa h, na ile 10 tunaigawa mwishoni.

Sasa angalia kwa makini, maana hapa ndipo sapu inapozaliwa. Anayejua mabano yake ataandika t² + 2th + h². Akitoa t² anabaki na 2th + h². Akigawa kwa h anabaki na 2t + h. Akiiacha h iende sifuri anapata 2t, gawanya kwa 10: sekunde ya 10 jibu ni 2, kama tulivyoona. Anayefungua mabano kwa pupa ataandika t² + h². Akitoa t² anabaki na h² peke yake, akigawa kwa h anapata h, na h ikienda sifuri kila kitu ni sifuri. Treni haijaondoka Urambo. Wazo la kikomo alilishika barabara, hatua zote za kalkulasi alizifuata, na 2th moja iliyosahaulika imeisimamisha treni.

Ule mchezo wa h uliwahi kuleta ugomvi mkubwa. Mwaka 1734 Askofu George Berkeley wa Ireland aliwakejeli wanahisabati: mnapogawa kwa h mnasema si sifuri, mnapotaka kuifuta mnasema ni sifuri; ni ipi? Alikuwa na hoja. Isaac Newton, aliyeianza kazi hii miaka ya 1665 na 1666 chuo chake kilipofungwa kwa tauni, na Gottfried Leibniz, aliyechapisha ya kwake mwaka 1684, walipata majibu sahihi bila kuweza kueleza vizuri kwa nini ni sahihi. Jibu lilikuja taratibu, kwa Augustin-Louis Cauchy mwaka 1821 na baadaye Karl Weierstrass: h haifiki sifuri kamwe, tunachodai ni kwamba wastani unaweza kusogezwa karibu na kikomo kadiri yoyote utakayotaka. Zaidi ya miaka 100 ya watu wenye akili nyingi ilipita kabla ya kulinyoosha hilo, kwa hiyo kijana asiyelielewa kwa kipindi kimoja asijione mzito.

Kanuni za diferensiesheni (ndiyo kutafuta kasi ya mabadiliko kama tulivyofanya) zinazofuata, kushusha kipeo na kupunguza kimoja, kanuni ya kuzidisha, kanuni ya mnyororo, ni njia za mkato za mchezo huohuo wa h. Zinajifunzika kwa wiki chache za mazoezi. Utamu uko kwenye matumizi.

Fundi bati ana kipande cha mraba, sentimita 60 kila upande. Anataka kukata miraba midogo kwenye kona nne na kukunja kingo juu apate sanduku lisilo na kifuniko. Akate kona za sentimita ngapi ili sanduku libebe kingi zaidi? Akikata 5, kitako ni 50 kwa 50 na kimo ni 5: sentimita za ujazo 12,500. Akikata 15, kitako ni 30 kwa 30: 13,500. Mahali fulani katikati kuna kilele, na kwenye kilele grafu haipandi wala haishuki, mteremko ni sifuri. Ujazo ni x(60 − 2x)², ukifungua ni 4x³ − 240x² + 3600x. Kasi yake ya mabadiliko ni 12x² − 480x + 3600. Ilinganishe na sifuri, gawa kwa 12: x² − 40x + 300 = 0, yaani (x − 10)(x − 30) = 0. Thelathini inamaliza bati lote, kwa hiyo ni 10. Ujazo ni 16,000, sawa na lita 16. Hesabu hatua: kalkulasi ilikuwa mstari mmoja. Kufungua mabano, kugawa kwa 12, kutafuta vigawo na kulikataa jibu lisilo na maana, vyote hivyo ni aljebra.

Kujumlisha tabaka za ziwa

Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba kama 32,900 na kina kirefu kabisa cha mita 1,470. Lina maji kiasi gani? Ukizidisha eneo kwa kina hicho unapata zaidi ya kilomita za ujazo 48,000, na umekosea vibaya, kwa sababu ziwa si sanduku la fundi bati. Kuta zake zinabana kadiri unavyoshuka. Njia ya kweli ni kulikata tabaka kwa tabaka. Kwa kila kina unapima eneo la maji kwenye kina hicho, unazidisha kwa unene mdogo wa tabaka, unajumlisha zote. Tabaka zikiwa nyembamba zaidi, jumla inasogea kwenye kikomo. Makadirio yanayotumika ni kilomita za ujazo 18,900 hivi, wastani wa kina mita 570 tu. Kujumlisha huko kwa vipande vyembamba ndiyo intigresheni, na ile alama ndefu kama S iliyovutwa, ya Leibniz, ni S ya jumla kweli.

Mpaka hapa intigresheni haina uhusiano wowote wa wazi na mteremko. Moja inajumlisha, nyingine inagawa. Rudi kwenye treni. Mwendo wake tulikuta ni 2t gawanya kwa 10, yaani 0.2t. Uchore: mstari mnyoofu unaopanda kutoka sifuri. Eneo chini ya mstari huo hadi sekunde t ni pembetatu, kitako t na kimo 0.2t. Nusu kitako mara kimo inatoa 0.1t². Hiyo ni t² gawanya kwa 10, umbali tulioanza nao. Diferensiesheni ilitutoa kwenye umbali ikatupeleka kwenye mwendo. Eneo limeturudisha kutoka mwendo hadi umbali. Kwamba hivyo viwili ni kinyume cha kila kimoja, kwa fanksheni zote zisizokatika, ndiyo nadharia kuu ya kalkulasi, na ndiyo iliyoifanya kuwa chombo kimoja badala ya mkoba wa mbinu za maeneo na mbinu za miteremko.

Ila kinyume si lazima kiwe rahisi sawa. Diferensiesheni ina kanuni kwa kila umbo utakalopewa. Ukifuata hatua utafika. Intigresheni ni kubahatisha kwa akili: unajaribu kubadilisha herufi, unajaribu kuvunja kwa sehemu, unarudi mwanzo. Tena kuna fanksheni ambazo hazina jibu la kuandikika kwa vipeo, logarithimu na sini tunazozijua, na Mfaransa Joseph Liouville aliweka misingi ya kuthibitisha hivyo katika miaka ya 1830. Mojawapo ni e yenye kipeo −x², nayo ni mama wa mchoro wa kengele ambao kila anayesoma takwimu atakutana nao. Kwa hiyo lile jedwali la nyuma ya kitabu cha takwimu, ambalo 1.96 inakupa 0.975, lipo kwa sababu hiyo: hakuna fomula ya kuandika, kuna vipande vyembamba tu vilivyojumlishwa kwa uvumilivu. Ukiona kwenye mtihani wa mwaka wa kwanza umeambiwa uitafutie jibu la kawaida bila mipaka, nyoosha mkono umwite msimamizi. Swali limekosewa kuchapwa.